Mnara Umesimama, Watu Bado Wako Nje

"Mhandisi, mnara wetu unakuja lini?" Madiwani wananiuliza, walimu wakuu wananiuliza, waandishi wa habari hawamalizi mahojiano bila kuniuliza. Wangekuwa watu wa vijiji ambako simu haishiki kabisa ningewajibu kwa adabu zote, maana hao wana haki ya kuuliza. Lakini wengi wanaouliza wanaishi penye mnara tayari. Wanataka wa pili kwa sababu wa kwanza, kwa maneno yao, haujaleta maendeleo. Swali hili limenichosha, kwa kuwa limebeba dhana moja inayotupotezea miaka na mabilioni: kwamba mnara ukishasimama, wanaoishi chini yake wameunganishwa.

Hawajaunganishwa. Tena ushahidi umetolewa na wenye minara wenyewe. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kilipiga hesabu ya Afrika kusini mwa Sahara hadi mwisho wa mwaka 2023. Katika kila watu 100, wanaotumia intaneti ya simu walikuwa 27. Wanaoishi pasipofika mawimbi ya intaneti yenye kasi walikuwa 13. Waliobaki, watu 60, mawimbi yanawafikia hapo walipo na hawayatumii. Kwa kila mtu mmoja anayesubiri mnara, kuna zaidi ya wanne ambao mnara wanao na haujawafaa kitu. Sasa niambieni kwa nini kila kikao cha maendeleo ya kata kinamjadili yule mmoja tu.

Sipingi ujenzi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma mahali ambako kampuni hazioni faida, na mikataba ya Mei 2023 ya minara 758 katika kata 713 ni kazi ya maana. Mama akishikwa na uchungu usiku, simu moja tu ya kawaida inaweza kumwokoa. Ninachopinga ni watu kukata utepe, kupiga picha na kuondoka wakiamini kazi imeisha.

Kwanza, minara hailingani. Mnara wa 2G hupitisha sauti na ujumbe mfupi vizuri. Data yake ni ya kubahatisha, na fomu ya serikali yenye picha tatu inaweza kugoma kabisa. Pili, vile vijiti kwenye kioo cha simu vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati yako na mnara, basi. Havisemi chochote kuhusu njia ya kutoka mnarani kwenda Mkongo wa Taifa wa mawasiliano. Kama njia hiyo ni nyembamba, au inapita kwenye setilaiti, na watu mia tatu wamefungua video jioni ile ile, vijiti vyako vitajaa na ukurasa hautafunguka. Mtu akiniletea simu yenye vijiti vinne na malalamiko ya mtandao, huwa namwambia vyote viwili ni kweli. Kuongeza mnara mwingine juu ya njia ile ile nyembamba hakumsaidii. Na njia yenyewe haiishii kwenye mkongo: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, watu wa mjini wenye 4G bora kabisa walikaa wakitazama kiduara kikizunguka.

Lakini hata hayo ya kiufundi siyo kiini. Chukueni huduma ya kidijitali iliyobadili maisha ya watu wengi kuliko zote hapa kwetu: kutuma pesa kwa simu. Ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na haikuhitaji intaneti hata chembe. Ilipita kwenye kitochi, na huku Tanzania ilikuwa ni kubonyeza nyota na alama ya reli. Ilienea kwa sababu kifaa kilikuwa tayari mfukoni, na kila kona palikuwa na wakala wa kumwelekeza bibi asiyejua kusoma. Kisha Julai 2021 Tanzania ikaweka tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kubeba noti kwenye bahasha na kuzituma kwa makondakta wa mabasi. Kufikia Septemba serikali ikalazimika kupunguza viwango kwa asilimia 30, na baadaye ikavilegeza zaidi. Hakuna mnara hata mmoja uliozimwa mwezi ule wa Julai. Mawimbi yalikuwa yale yale, simu zile zile. Kilichobadilika ni bei, na watu wakaondoka. Anayetaka kujua nini kinamweka mtu mtandaoni au kumtoa, jaribio lile tulilifanya nchi nzima.

Tunadanganyika pia kwa namna tunavyohesabu. Kwa kipimo kinachotumika kimataifa, mtumiaji wa intaneti ni mtu aliyeitumia hata mara moja katika miezi mitatu iliyopita, mahali popote, kwa kifaa chochote. Nyumbani tunapenda kutangaza idadi ya laini, na mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu za mitandao mitatu. Hesabu za namna hii zinapendeza kwenye hotuba.

Mwaka jana, dirisha la mikopo ya elimu ya juu likiwa wazi, nilikaa kwenye steshenari moja karibu na stendi ya mji mdogo. Mnara wa 4G ulionekana kutoka pale kibarazani. Akaingia binti aliyemaliza kidato cha sita, cheti chake kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo dada. Nimekuja kuomba mkopo."

"Marahaba mdogo wangu. Una imeili?"

"Sina, dada."

Dada wa steshenari akamtengenezea papo hapo. Nywila akaitunga yeye, namba ya simu ya kurejesha akaunti akaweka yake mwenyewe, akajaza fomu, akachapisha, akapokea hela. Hakuwa na nia mbaya. Nyuma palikuwa na foleni ndefu. Binti akaondoka na karatasi. Nilipomuuliza nywila, alidhani ni ile namba ya risiti. Ujumbe wowote wa kumtaka arekebishe kiambatisho ungeishia kwenye kompyuta ya duka, safari ya kutwa nzima kutoka kijijini kwao. Simu janja, aliniambia, ni ya kaka yake, naye huiazima Jumapili. Kwa kipimo cha miezi mitatu, binti huyu ni mtumiaji wa intaneti na kazi yetu kwake imekwisha. Mimi nasema haijaanza.

Kipimo bora kipo. Mwaka 2020 muungano wa A4AI, uliokuwa ukipigania bei nafuu ya intaneti, ulitaja masharti manne ya muunganisho wenye manufaa: kasi inayofanana na ya 4G, simu janja iliyo yako, matumizi ya kila siku, na sehemu moja ya uhakika, iwe nyumbani, kazini au shuleni, yenye intaneti isiyokatwa na kuisha kwa bando. Mpimeni yule binti kwa masharti hayo. Wapimeni wanawake kwa ujumla: katika ukanda wetu huu, kwa hesabu za GSMA za 2023, uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na wa mwanaume. Mume na mke wanalala chini ya mnara mmoja. Mnara haubagui, simu ya nyumba ndiyo ina mwenyewe.

Simu yenyewe, hata ile ya bei ya chini, inakula fedha ya magunia ya mahindi baada ya mavuno, wakati bei ya mahindi iko chini. Tanzania ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja mwaka 2021, kisha msamaha ukafutwa mwaka uliofuata kwa hoja kwamba mnunuzi hakuuona unafuu. Hoja ilikuwa na ukweli, ila dawa ilikuwa kuwabana wauzaji. Na lile lengo la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018, kwamba kufikia 2025 bei ya intaneti ya kiwango cha chini isizidi asilimia 2 ya pato la mwezi kwa mtu, linapima wastani. Kwa Tanzania ni kama shilingi elfu tano. Mkulima hana pato la mwezi. Ana pato la msimu, ndiyo maana ananunua bando la siku, ambalo kila MB yake ni ghali kuliko ya bando la mwezi la mtu wa mshahara.

Kabla hamjaniuliza kuhusu intaneti ya setilaiti ya Starlink: Rwanda na Kenya wanayo tangu 2023, ni nzuri kwa shule au zahanati iliyo mbali na mkongo, na haimnunulii mtu simu wala kumfundisha kutunza nywila.

Basi fanyeni haya, na mengi hayamsubiri waziri. Diwani, acha kuuliza idadi ya minara. Dai kampuni iseme mnara wako ni wa kizazi gani, njia yake ya nyuma ina ukubwa gani, na ulizimika saa ngapi mwezi uliopita. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vinavyokopesha mabati vikopeshe na simu, akina mama wakianza, laini iwe kwa jina la mwenye simu. Kabla ya kununua hakikisheni inashika 4G, maana nyingine za bei chee zinaishia 3G. Shule yenye kompyuta na bila bando iweke programu ya Kolibri, ambayo masomo yake yanasomwa bila intaneti. Shule yenye intaneti ifungue Wi-Fi yake jioni kwa kijiji, kwa zamu na kwa kiasi. Wenye nguvu ya kujipanga wakaangalie mtandao wa jamii wa Kondoa, ambako masafa ya televisheni yaliyo wazi yalitumika kufikisha intaneti. Halmashauri imlipe dada wa steshenari posho ndogo afundishe, kama wakala wa pesa alivyofundisha. Na kila mwombaji mkopo aondoke na imeili yake, nywila aliyoitunga mwenyewe na namba yake ya kurejesha akaunti, akiwa ameifungua na kuifunga mara mbili kwa mkono wake kabla hajalipa.