Kasongo Itachorwa na Raba Zetu

Wasee wa Kasongo na nyinyi wa Kabambare, hii ni yenu. Hapa Nairobi mse akitaka kupiga mbio anashika fone, anachora duara ndani ya msitu wa Karura, programu inampimia kilomita na vilima, anafunga raba, anahepa. Mimi ocha ni Kasongo, huko Maniema, Kongo, na mabeshte wangu huko wanapiga tizi kabla jua litoke. Uliza wamekimbia ngapi, utaambiwa mpaka misheni na kurudi. Fiti, lakini ka unajipanga kufikisha kilomita kumi, misheni si kipimo. Ramani ya kupanga ruti yako iko, ni ya bure, na inachapa kazi bila mega.

Tuanze na fone. Wengi hudhani GPS inakula mega. Zii. Setilaiti zinarusha signali, fone yako inasikiza tu. Chenye kinakula mega ni ramani yenyewe, na hiyo unaishusha mara moja. Chukua OsmAnd ama Organic Maps. Zote zinatumia data ya OpenStreetMap, ile ramani Steve Coast alianzisha Uingereza mwaka 2004, na yeyote anaeza kuichora. Shusha ramani ya sehemu yenu siku uko na neti safi, kisha zima data. Bila neti fone huchelewa kujua iko wapi, kwa hivyo ukitoka kejani simama dakika kadhaa penye anga iko wazi. Na ka unalipia kuchajisha kwa jirani mwenye sola, zima kioo, weka fone mfukoni, iache irekodi.

Sasa kuchora, na hapa ndio Kasongo si Karura. Programu za ruti hupenda kushika barabara zenye tayari ziko kwa ramani. Unagusa hapa, unagusa pale, inakuunganishia. Lakini kile kijia cha katikati ya mashamba ya mihogo, chenye kila mtoi wa shule anakijua, ka hakijachorwa, programu itakuzungusha barabara kubwa, wewe na nduthi na vumbi. Zima hiyo mambo ya kushika barabara. Kwa OsmAnd, siku uko na neti, weka picha ya setilaiti chini, dunga nukta kwa mkono, na kwenye kona dunga nyingi. Nukta mbili zikikaa mbali, programu inakata kona na njia inaonekana fupi kuliko vile iko. Ukirekodi chini ya miti minene mambo hugeuka: signali inarukaruka, na fone inakuhesabia mita zenye mguu haukukanyaga. Mimi huamini nukta za mkono zenye zimedungwa pole pole kuliko namba ya fone msituni.

Hata vilima usimeze vyote. Programu nyingi huchukua urefu wa ardhi kutoka kwa rada ya chombo cha anga Endeavour, kazi ya siku 11 tu Februari 2000. Rada hiyo haikupenya msitu mzito mpaka chini. Na Maniema msitu na savana zimeshikana. Penye msitu unaishia, mchoro unaeza kukuonyesha mteremko mkali, kumbe ni miti imeisha. Ka unataka namba yenye haina maneno, enda uwanja wa boli. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka ni mita 346, raundi 29 ni kilomita kumi na kitu kidogo. Wa kwenu ka si kamili, upime kwa picha ya setilaiti, dakika mbili umemaliza.

Ruti yenye ningewaambia mchore kwanza ni ya Tongoni. Huko ndio Kasongo ya zamani ilikuwa, mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, kabla jeshi la Wabelgiji chini ya kamanda Dhanis kuuchukua Aprili 1893. Wataalamu wa kuchimba mambo ya kale wamefanya kazi hapo, na watoi wengi wa Kasongo wanajua jina bila kuwahi kufika. Chora kutoka mlango wa nyumba yako, pima, igawe vipande ka ni ndefu kwako. Unaenda na mbogi, mnasimama, mnauliza wazee penye kitu gani kilikuwa, mnarudi.

Manze, hii sehemu yote ilifunguliwa na miguu. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikashuka mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba. Livingstone mwenyewe, yule msafiri Mzungu, alikwama Kabambare mwaka 1870, vidonda vimekula miguu, miezi hawezi kutembea. Jina lake liko kwa vitabu. Wapagazi wenye walibeba pembe, na watu wenye walifungwa minyororo wakapelekwa pwani, majina yao karibu yote yamepotea, na ni wao walikanyaga hizo njia mpaka zikawa njia. Ukikimbia hapo, kimbia na hiyo heshima.

Kabambare naongea kwa upole. Kutoka Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 hata ukipiga mstari ulionyooka, na upande wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya iko, watu wamesumbuliwa na vikundi vya silaha miaka mingi. Ramani haijui nani ako njiani leo. Shefu wa lokalite anajua, mama mwenye ametoka shambani asubuhi anajua. Uliza hao kabla ya kuuliza fone. Chora duara fupi ndani ya mji, penye watu wanakuona, ulirudie mara nyingi. Wasichana, tokeni wengi pamoja, na yaya mmoja ama dada mkubwa ajue ruti na saa ya kurudi.

Na chunga chenye unarekodi. Novemba 2017 Strava, programu ya kurekodi mbio, ilitoa ramani ya dunia yenye inaonyesha penye watumiaji wake wanakimbia, na Januari 2018 ikagundulika kambi za jeshi zinang'aa humo, Afghanistan, Syria, Niger, juu wanajeshi walikuwa wakikimbia na saa zao zimewashwa. Huko kwetu mstari wa GPS unaopita karibu na kambi, mgodi ama bariera unaeza kukuletea maswali mazito. Karibu na hizo sehemu zima kabisa. Mbio zako ziweke siri, na mwanzo na mwisho wa ruti ufichwe, ndio mtu asijue nyumba yako.

Mvua pia haiko kwa ramani. Juni mpaka Agosti kumekauka, ruti nyingi zinapitika. Mvua ikirudi Septemba, daraja la magogo lenye ulipita jana linaeza kuwa limeenda na maji, na mstari kwa kioo bado unakuambia pita.

Hapo ndio naomba. Mse wa Ulaya anaeza kuchora paa za Kasongo akiangalia picha ya setilaiti, na wengi wamejitolea kufanya hivyo sehemu nyingi za Kongo. Setilaiti haioni jina la mto, haijui daraja gani limevunjika, haijui kijia gani kinapitika usiku wa mvua na nesi mwenye amebeba chanjo. Nyinyi mnajua, na mnapita hapo kila asubuhi bila kulipwa. Na msiseme mji wenu ni mdogo: Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kirotshe huko Kivu Kaskazini, alikimbia marathoni ya Olimpiki Rio 2016 na jezi ya Kongo. Kirotshe si mji mkubwa kuliko Kasongo.

Jumamosi hii rekodi kijia kimoja. Uliza mzee wa hapo kinaitwaje na mto unaitwaje, andika vile anatamka, pandisha OpenStreetMap siku ukipata neti. Wasee wanne na fone moja mnatosha kuanza.