Pauni 30,000: Mazda Mpya au Porsche ya Mkono wa Pili?

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa kawaida hapo ndipo tunapoulizana habari za wazee, mvua na bei ya unga. Siku hiyo mpwa wangu, anayefanya kazi Reading, Uingereza, hakuwa na subira. Amejinyima miaka mitano, ana pauni 30,000 mkononi, na anataka gari la kumfurahisha kabla hajaoa. Amechuja mpaka yamebaki mawili: Mazda MX-5 mpya kutoka dukani, au Porsche 911 ya mwaka 2006 iliyokwisha kupita kwa wenyewe wanne. Bei ni karibu sawa.

Nimefungua injini za magari ya Kijerumani kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hili nimeulizwa mara nyingi, yakibadilika majina tu ya magari. Zamani nilikuwa naanza kwa kueleza injini. Siku hizi namuuliza mtu kwanza: ukishalilipia, benki kutabaki kiasi gani?

"Pauni mia saba, mjomba."

Hapo jibu langu nilikuwa nalo tayari, lakini kijana aliyejinyima miaka mitano hapewi jibu tupu. Anastahili kuelezwa kwa nini.

Nianze na Mazda. MX-5 ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na hii ya sasa ni kizazi cha nne, kilichoingia sokoni 2015. Viti viwili, paa la turubai unalolikunja kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini ya lita mbili ina nguvu ya farasi 184, na gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo. Kwenye karatasi hayo si maajabu. Likalie, uelewe. Kirungu cha gia kimesogea karibu na mkono, na safari yake kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ni fupi kiasi kwamba mkono hausogei, kinachocheza ni kifundo tu. Wahandisi wa Mazda wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Katika barabara nyembamba za vijijini Uingereza, zenye ua wa miti huku na huku, unaweza kulitoa jasho gari hili bila kuvuka maili 60 kwa saa zinazoruhusiwa. Hiyo ni sifa kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu raha yake inapatikana kila siku, hata ukienda kununua mkate.

911 ni kiumbe kingine. Tangu ilipoanza kutengenezwa 1964, injini yake imekaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, silinda sita zimelala, tatu kila upande. Ukitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, uzito ule wote unayakandamiza matairi ya nyuma na gari linachomoka kama limesukumwa na mtu. Pesa ya mpwa wangu inamfikisha kwenye kizazi kinachoitwa 997, kilichotengenezwa kati ya 2004 na 2012. Ile ya kawaida kabisa, Carrera ya lita 3.6, ina nguvu ya farasi 325 na hufika kilomita 100 kwa saa katika sekunde tano. Mlango wake ukiufunga, unaitika kwa mlio mzito wa kabati la mninga. Sishangai kijana kuipenda. Mimi mwenyewe naipenda.

Lakini gari hilo, lilipokuwa jipya Uingereza, liliuzwa karibu pauni 60,000 kabla hujaongeza kitu. Leo linapatikana kwa nusu yake au chini ya hapo. Je, diski zake za breki nazo zimeshuka kwa nusu? Klachi? Shokapu? Hata moja. Gari hushuka bei, vipuri vyake havishuki nalo. Anayelinunua kwa pauni 30,000 amenunua mahitaji ya gari la pauni 60,000, tena gari la miaka karibu ishirini, ambalo kila mpira, kila hosi na kila koili ndani yake imefikia umri wa kudai haki yake. Rejeta zake ziko mbele, nyuma ya matundu mawili ya bampa, na mbele ya rejeta kuna kondensa za kiyoyozi. Majani ya miti huingia humo msimu wa vuli, yanaloa, yanaoza, yanakaa yakiila alumini taratibu. Chutama na tochi uchungulie. Ukiona tope jeusi la majani, jua mwenyewe hajawahi kuchutama hapo.

Sasa injini, maana hapa ndipo pesa kubwa ilipolala.

Jambo la kwanza ni beringi. Injini za 996, kizazi kilichotangulia, pamoja na 997 za mwanzo mwanzo, zina shafti ya kati inayopokea mzunguko kutoka kwenye krenki na kuupeleka kwenye minyororo ya kamshafti. Mwisho mmoja wa shafti hiyo umeshikwa na beringi iliyozibwa, yenye grisi yake ndani. Sili ikichoka, oili ya injini hupenya, grisi huoshwa, gololi husagika. Siku beringi inaposambaratika, taimingi huvurugika, vali hukutana na pistoni, na injini huwa imekwisha. Marekani wamiliki waliishtaki kampuni kwa pamoja, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2013. Katika 997 zilizofuata beringi iliongezwa ukubwa na ikawa haisumbui sana, ila haitoki mpaka upasue injini vipande viwili.

La pili linanitisha zaidi, na wanunuzi wengi hawalijui. Kuta za silinda za injini hizi ni alumini iliyotiwa chembe ngumu za silikoni. Pistoni nayo ni alumini, kwa hiyo huvikwa utando wa madini ya chuma ili alumini isisuguane na alumini. Utando ukibanduka, pistoni huchuna ukuta. Dalili ni kugongagonga kidogo injini inapoendeshwa, oili kupungua kila mara, na bomba moja la moshi kuwa jeusi la masizi kuliko jingine. Mafundi wengi huingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi, wanaona pamesafika, wanaandika cheti. Haitoshi. Michubuko huanzia chini, mahali pasipoonekana ukichungulia kutoka juu. Lazima ufungue sampu, ulale chini ya gari, upandishe pistoni juu, kisha uitume kamera kutoka chini. Ukuta mzima huonekana wa kijivu, laini, wenye mng'ao hafifu kama sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa majivu. Ukuta ulioharibika una mistari ya wima, mirefu, ambamo ukucha ungekwama ukiupitisha. Kuijenga upya injini hiyo Uingereza ni pauni 10,000 na kwenda juu.

Kuanzia 2008 Porsche waliweka injini mpya kwenye 997, yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ile shafti ya kati ikaondolewa. Hiyo ndiyo ningependa kijana wangu aipate. Bahati mbaya wauzaji nao wanaijua, na bei yake imesimama juu zaidi ya 30,000. Kwa pesa ya Mazda mpya, utakachouziwa ni ile ya kabla ya 2008.

Kodi ya barabara nayo ina kona yake, na nimemsisitizia sana. Uingereza hutoza magari ya miaka ile kwa kiasi cha hewa ya kaboni yanayotoa, na 911 iko ngazi ya juu kabisa, zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. Ila yaliyosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 yamewekewa kikomo cha ngazi ya chini yake, pauni mia nne na ushei. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja, yamepishana wiki mbili tu kusajiliwa, na moja linakula zaidi ya pauni 300 za ziada kila mwaka. Mazda, kuanzia mwaka wa pili, hulipa takriban 200.

Nisiifiche hasara ya upande wa pili. Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda, na kidonda cha gari jipya ni kushuka thamani. Si ajabu MX-5 ikapoteza theluthi ya bei yake katika miaka mitatu ya kwanza. Theluthi ya 30,000 ni 10,000, kiasi kilekile cha injini ya Porsche. Hapo mpwa wangu alinikatiza: "Basi ni sawasawa, mjomba!" Tena akaongeza kwamba 911 iliyotunzwa haishuki bei hivyo, kwa hiyo huenda yeye ndiye angetoka na faida.

Kwa hesabu ya karatasi yuko sahihi, na nilimwambia hivyo. 911 nzuri ukikaa nayo miaka mitano bila balaa, inaweza kukugharimu kidogo kuliko Mazda mpya. Tofauti iko kwenye siku ya kulipa. Hasara ya Mazda inajulikana tangu unaposaini, na utaiona siku utakayoamua mwenyewe kuuza. Katikati hapo waranti ya kiwanda inakulinda, na unabadilisha oili na matairi tu. Hasara ya Porsche huenda isije kamwe. Ikija, inakuja Jumanne asubuhi ukiwa njiani kwenda kazini, na inataka fedha taslimu. Mwenye akiba atalipa, ataumia, atasahau. Mwenye pauni mia saba ataliegesha gari uani, alifunike turubai, alitazame dirishani mpaka aliuze kwa bei ya chuma chakavu. Nimeyaona magari mengi ya namna hiyo, na wenyewe nimewaona wakipita pembeni bila kuyaangalia.

Kwa hiyo mtu anayemaliza akiba yake yote siku ya kununua, achukue Mazda, wala asijione amepata kilichosalia. Anayeitaka 911 asitafute gari la pauni 30,000. Atafute la 22,000 au 23,000, lililotembea maili nyingi lakini lenye stakabadhi za kila mwaka, na zile elfu saba au nane zilizobaki aziweke akaunti ya peke yake na kuzihesabu kuwa ni sehemu ya gari. Gari lililotembea maili 100,000 likitunzwa nalipenda kuliko lililokaa gereji miaka mitatu na maili 40,000, maana sili hukauka na betri hufa kwa kukaa.

Mpwa wangu aligusia pia kuja nalo nyumbani baadaye. Nikamkumbusha kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo 997 yake ingeishia bandarini. Mazda, akiwahi, ingepita.

Baada ya mazungumzo yale aliamua kuendelea kutafuta 911, lakini kwa bei ya chini, na kila anayoipata ananitumia namba ya usajili. Uingereza ina neema moja ambayo sisi hatuna: gari likifika miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo yake yanasomeka bure mtandaoni na yeyote mwenye namba ya gari. Humo kuna maili zake za kila mwaka na maonyo ya mkaguzi. Gari la kwanza alilonitumia lilikuwa na picha za kupendeza, rangi ya fedha, ngozi nyeusi. Nilifungua rekodi: maili 81,000 mwaka mmoja, 74,000 mwaka uliofuata. Halikustahili hata simu. La pili maili zilikuwa zimenyooka, ila mkaguzi aliandika miaka mitatu mfululizo kwamba mirija ya breki imeshika kutu. Ni ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Mtu aliyesoma onyo la breki mara tatu akalifunga, oili aliibadilisha lini?

Alikwenda kuliona hata hivyo, kwa sababu ya ujana. Nilimwomba apige picha ubavu wa kila tairi. Matairi ambayo Porsche wameyapitisha kwa magari yao huchorwa herufi N na tarakimu pembeni. Mbele yalikuwa nayo. Nyuma, unakobebwa uzito wote wa injini, yalikuwa ya aina mbili tofauti, ya bei ya chini, hakuna N hata moja. Akarudi na treni.

La tatu analiona Jumamosi hii. Ni la Februari 2006, kwa hiyo liko ndani ya ile kodi nafuu, bei ni 22,500, mmiliki amelishika miaka tisa, na amekubali sampu ifunguliwe kwenye karakana atakayoichagua mpwa wangu, kwa gharama ya mpwa wangu. Mwenye gari bovu hakubali hilo. Tumemwomba jambo moja zaidi, asiliwashe kabla mpwa wangu hajafika, kwa sababu injini hizi husema kweli katika dakika ya kwanza zikiwa baridi. Kijana nimemwagiza kwamba akishasalimia tu, kabla ya kutazama rangi wala viti, aende nyuma ya gari aweke kiganja juu ya kifuniko cha injini. Akikuta pana joto, ashukuru, aage, arudi stesheni.