Usukani wa Mbali: Maelezo ya Kifaa na Maneno Yake

Yako maneno ya bahari yaliyopanda juu hata Newala na Masasi, yakayaacha maji nyuma. Kwa mkaaji wa uwanda wa Makonde usukani ni gurudumu la motokaa, rubani ni mwendesha ndege, na nahodha aghalabu ni mkubwa wa timu ya mpira. Hapana ajabu katika hilo, kwani juu ya uwanda maji yenyewe ni haba, na walio chini bondeni, kandokando ya Ruvuma, huongoza mitumbwi yao kwa pondo na kafi. Kiswahili kilifika huku kwanza kwa misafara ya biashara. Kisha mwaka 1876 Askofu Edward Steere, aliyekwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia lugha ya Unguja, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kupitia Lindi hata Masasi, wakafanya makao huko. Maneno ya pwani yakapanda bara, na vitu vyenyewe vikabaki pwani.

Mwachano huo wa neno na kitu huonekana wazi pale kifaa kipya kinapohitaji majina. Mfano mmoja ni kile kifaa kidogo cha mkononi, kinachoitwa na wengi rimoti, ambacho huuamrisha usukani wa kujiendesha kwa mawimbi ya redio pasipo waya, nacho hakiingiwi na maji. Jahazi la pwani kwa kawaida halina usukani wa namna hiyo. Hupatikana zaidi katika meli kubwa, mashua za uvuvi za injini, na vyombo vya matanga vya starehe. Walakini kazi ya kukibuni haimzidi fundi wa redio mwenye bidii, na ugumu wake mkubwa haumo katika redio.

Kwanza yafaa kueleweka kile kinachoamrishwa. Usukani wa kujiendesha huisoma dira, huilinganisha na njia iliyopangwa, na kwa mota huigeuza kana au gurudumu mpaka tofauti iishe. Mhandisi Nicolas Minorsky aliandika habari hiyo mwaka 1922, baada ya kuwatazama washika usukani wenyewe. Aliona kwamba mshika usukani hodari haangalii tu chombo kimepotoka kiasi gani, bali pia kimekuwa kikipotoka kwa muda gani, na kwamba upotofu unazidi au unapungua kwa kasi gani. Naye huurudisha usukani kabla omo haijafika penye njia, ili isipite kiasi. Hayo hufanywa na kila mwanamaji wa Kilwa au Mikindani bila ya hesabu. Mashine ilifundishwa na watu wa kazi hiyo, na lugha ya kuieleza ingefaa kutoka kwao pia.

Kuamrisha chombo kutoka mbali ni jambo la zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa pasipo waya. Redio ilipofika Afrika ya Mashariki, Waswahili waliiita simu ya upepo, jina zuri ambalo limekufa mapema mno. Rimoti za siku hizi hutumia aghalabu mawimbi ya megahezi 433, ambayo urefu wake ni karibu sentimita 69, au yale ya gigahezi 2.4. Hewani hayana taabu. Ndani ya maji ya chumvi hufifia baada ya sentimita chache tu, na kwa hiyo kifaa kilichozama hakisemi kitu. Yapaswa kielee, na antena ikae sehemu ya juu inayobaki nje ya maji.

Katika kuzuia maji, desturi ni kutaja alama ya IP67, yaani kifaa kitavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo hupumbaza. Jaribio lake hufanywa kwa maji matamu, tena halijoto ya maji na ya kifaa zisipitane kwa zaidi ya digrii 5. Baharini mambo ni mengine. Kifaa kilichoachwa juani huwa na hewa ya digrii 50 ndani yake. Kikianguka katika maji ya digrii 25, hewa ile husinyaa, na shinikizo lake hupungua kwa karibu sehemu moja katika kumi na tatu. Hiyo ni sawa na kukizamisha sentimita 80 zaidi, na kasha huyanyonya maji kupitia upenyo wowote uliopo. Pete ya mpira iliyobanwa sawasawa husaidia, lakini chembe moja ya mchanga huiharibu. Iliyo bora ni kutoacha hewa kabisa: vyuma vyote vimiminiwe resini mpaka viwe kama jiwe, vitufe vifanye kazi kwa sumaku kupitia ukuta usio na tundu, na betri ijazwe umeme pasipo kufungua kasha. Kwa kuwa resini ni nzito kuliko maji, ganda la nje litengenezwe kwa kitu chepesi ili kifaa kielee. Fundi atakayefanya hivyo ajue kwamba hataweza kukitengeneza tena kikiharibika.

Hapa ndipo uwanda wa Makonde unapoingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mpira wa porini, uliogemwa katika mitambaazi ya misitu ya uwanda huo, ulikuwa bidhaa kubwa ya Lindi na Mikindani. Siku hizi ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na kutoka katika mafuta hayo hupatikana kadanoli, ambayo wanakemia huigeuza kuwa kigandisho cha resini ya epoksi. Kigandisho hicho husifiwa na wenye meli kwa sababu hukauka vema hata penye unyevu na baridi. Sehemu kubwa ya korosho za Newala na Masasi zimekuwa zikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda huenda pamoja nazo. Mkulima wa Newala hulijua ganda kwa kuchomwa nalo tu.

Amri nazo zina mtego wake. Redio hurudia ujumbe mara kadhaa ili usipotee, na iwapo ujumbe wasema tu "ongeza digrii 10", chombo kikisikia mara mbili kitageuka 20. Kwa hiyo kila ujumbe hupewa namba yake, kisha namba ya rimoti yenyewe, ili mashua ya jirani isitii. Ujumbe ukikatika, chombo hushika njia kiliyokuwa nayo. Hilo ni jema ikiwa rimoti imezimika tu. Ni baya kabisa ikiwa mwenye kuishika ameanguka baharini, maana chombo kitamwacha. Kwa sababu hiyo wabunifu wengine huongeza kifungo cha mkononi ambacho, kikinyamaza, huisimamisha injini.

Sasa maneno ya vitufe. Kulia na kushoto huonekana rahisi, lakini kulia, kwa asili yake, ni mkono wa kulia chakula, yaani ni upande wa mtu, wala si wa chombo. Aliyekaa akitazama tezi atakosea. Waingereza wenyewe walichanganyikiwa kwa namna nyingine: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 amri yao ya upande wa kulia ilihusu kana, na omo ikaenda kushoto. Wanamaji wa Kiswahili huzitaja pande kwa upepo, joshini na demani. Maneno hayo yangefaa sana pale usukani unapofuata upepo badala ya dira, kwani mwenye kutaka kukwepa upepo akakosea akaupanda, tanga lake hugandamizwa mlingotini, na hatari ya kupinduka si ndogo. Ila joshi na demani hubadilishana kila chombo kigeukapo, hali kitufe hakibadiliki. Tena demani ni jina la majira pia. Lililo salama ni kuandika "omo kulia" na "omo kushoto", neno omo lisiachwe, pamoja na rangi ya kijani na nyekundu zinazojulikana na mabaharia wote. Usiku rangi hazionekani, kwa hiyo kitufe cha kulia kiwe na kinundu kimoja, cha kushoto viwili, na kile cha kuuachilia usukani kiwe kipana, kwa kuwa ndicho kitakachotafutwa kwa vidole vilivyolowa.