Bibi amekaa tu kibarazani: si uvivu, wala si kiburi

Kwa miaka mingi alikuwa wa kwanza kuamka. Kabla hakujapambazuka, mikungu ya ndizi ilikuwa tayari imefungwa, inasubiri gari la kushuka Morogoro mjini. Leo anakaa kibarazani tangu asubuhi. Jua likimfikia, hahami. Chai ikipoa, hasemi. Wajukuu wakimwamkia, anaitikia "marahaba" kwa sauti ya chini, na basi.

Familia nyingi zinazomlea mzee mwenye demensia, iwe Kinole, Matombo, Mgeta au hapo Kihonda mjini, zitaitambua picha hiyo. Tunaposikia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu tunafikiria mtu anayesahau majina au anayepotea njia. Lakini kukosa hamu ya kufanya jambo lolote ni miongoni mwa dalili zinazoonekana sana kwa wagonjwa hawa, na wakati mwingine hutangulia usahaulifu wenyewe. Ndiyo dalili inayochelewa kugunduliwa, kwa sababu mzee mtulivu hamsumbui mtu.

Na ndiyo inayozua maneno. "Anadeka." "Mbona akija mgeni anaongea?" Wengine huenda mbali zaidi na kusema amerogwa.

Ukweli ni kwamba ugonjwa umegusa sehemu za ubongo zinazoanzisha matendo, hasa za mbele. Ni kama pikipiki yenye mafuta ambayo kiki haishiki. Nguvu anazo, pengine hata kazi bado anaijua, ila hawezi kujiwasha mwenyewe. Mgeni akija na kumwanzishia mazungumzo, anasukumwa kidogo na anawaka. Hiyo si hila.

Hali hii hufanana na sonona, lakini si kitu kimoja. Mwenye sonona anaumia: ana huzuni, hujilaumu, huenda hata akasema bora afe. Aliyekosa hamu mara nyingi haumii. Wanaoumia ni wanaomtazama. Yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja, hivyo daktari amwone. Apimwe pia damu, tezi ya shingo, macho na masikio, na dawa anazomeza zikaguliwe, maana zipo zinazomlegeza mzee.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba takribani watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Wengi wa wazee hao wanalelewa nyumbani, na mara nyingi mlezi ni binti au mkwe ambaye ana watoto wadogo pia.

Kwa Waluguru kuna jambo jingine la kuangalia. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na mwanamke mzee huwa na neno katika mambo ya shamba. Akikosa hamu, kimya chake kikaoni huchukuliwa kuwa amekubali. Mtu akimletea karatasi na wino wa dole gumba, hatakataa, kwa sababu kukataa nako kunataka msukumo. Karatasi ya namna hiyo isubiri hadi daktari amwone, na familia imtafute msaidizi wa kisheria. Bibi aulizwe swali moja moja, asubuhi akiwa hajachoka, mbele ya zaidi ya ndugu mmoja.

Dawa ya uhakika ya kurudisha hamu bado haijapatikana. Kinachosaidia ni mtu wa kuanzisha. "Bibi, unataka kufanya nini leo?" ni swali gumu mno kwake, jibu litakuwa "sitaki". Badala yake, kaa naye, weka ungo wa maharage mapajani pake, menya la kwanza, mpe la pili. Akimaliza manne akaacha, yatosha. Kumgombeza hakumwongezei hamu.

Mazungumzo nayo yanahitaji mlango. Mzee aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 10 wakati Waluguru walipopinga amri ya wakoloni ya kulima matuta milimani, mwaka 1955. Atakayemuuliza habari za matuta anaweza kushangaa mtu aliyenyamaza wiki nzima akianza kusimulia.

Watoto waelezwe mapema, maana huwa wanadhani bibi amewakasirikia. Inatosha kuwaambia: "Bibi anaumwa, anawapenda, ila hawezi kuanza yeye. Anzeni ninyi." Watoto huielewa kazi hiyo haraka kuliko wakubwa. Wa miaka sita anaweza kumshika mkono, akamwambia, "Bibi, twende tukawaone kuku," na bibi aliyekataa kuinuka tangu asubuhi akasimama.