Ndimu na Chungwa kwa Kitimoto

Nyama ya nguruwe, au kitimoto kama inavyoitwa mitaani, ina mafuta yanayokinaisha upesi, na ndiyo maana sahani yake haikosi kipande cha ndimu. Lakini ndimu ikikamuliwa juu ya nyama iliyokwisha kuiva, ukali wake huishia juu juu. Ikiwahi nyama ingali mbichi, pamoja na chumvi na viungo, ladha hukolea.

Wilayani Rungwe nguruwe hufugwa majumbani, mabanda yakiwa jirani na migomba. Ndimu na machungwa hupenda zaidi joto la mabondeni, upande wa Kyela, kuliko baridi ya Tukuyu, lakini kilo moja ya nyama haihitaji mengi: ndimu 2 na chungwa 1 vinatosha. Ndimu tupu ni kali mno. Chungwa huituliza, na sukari yake huipa nyama rangi nzuri ya kahawia.

Kabla ya kukamuliwa, chungwa huoshwa na ganda lake kukwaruzwa juu juu, bila kufikia utando mweupe ulio mchungu. Harufu yenyewe imo humo: ganda likikunjwa karibu na mwali wa mshumaa, mafuta yake huruka na kuwaka cheche. Punje 5 za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba hutwangwa na vijiko 2 vya chai vya chumvi, visijae sana, kisha huongezwa pilipili manga, mafuta kidogo ya kupikia na maji ya matunda.

Mchanganyiko huu usiwekwe kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huila na kuiachia nyama ladha ya chuma. Bakuli la plastiki, kioo au udongo linafaa.

Vipande vya mshikaki vikae saa 1 hadi 2. Asidi huingia milimita chache tu, chumvi ndiyo inayozama zaidi, kwa hiyo kurefusha muda hakuongezi ladha ya ndimu ndani. Nyama iliyolala humo usiku kucha hulegea nje na kuwa kama unga mdomoni. Bakuli likae kwenye friji, hata Juni na Julai, kwani baridi ya Tukuyu haitoshi kuzuia bakteria.

Ndani ya muda huo nyama hugeuka nyeupe kwa nje, kana kwamba imepikwa. Hapo ndipo pa kuwa makini. Weupe huo si kuiva, na ndimu haiui tegu, minyoo ambayo watafiti wameikuta kwa nguruwe wa mkoa wa Mbeya. Nyama inunuliwe ikiwa na mhuri wa mkaguzi, na ikionekana na vijipunje vyeupe kama mchele isiliwe kabisa. Iliyo salama ipikwe hadi katikati ifike nyuzijoto 71; asiye na kipimajoto akate kipande kinene zaidi na kuhakikisha hakuna wekundu wala majimaji ya damu.

Kabla ya kwenda jikoni vipande hukung'utwa viungo, maana sukari ya chungwa huungua haraka juu ya mkaa, nyama ikabaki mbichi ndani. Maji yaliyobaki bakulini humwagwa. Ndizi na kachumbari vikiwa tayari mezani, ndimu mpya hukatwa.