Chai ya Mboji: Kwa Nini Ndoo Moja Inanukia na Nyingine Inanuka?



Joto limeanza hapa Mesquite, na bustani za nyuma ya nyumba zimejaa mchicha (ndugu zetu wa Kongo husema lengalenga), bamia na matembele. Swali moja linarudi kila wikendi: chai ya mboji inatengenezwaje, na je, ni salama kwa mboga tunazokula? Watoto, tuelewane kwanza: chai hii hainywewi! Ni mboji iliyolowekwa kwenye maji, ikachujwa, na maji yake wakapewa wenyewe wanaoyahitaji, yaani mimea.

Kunuka na kunukia

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa. Ua linanukia. Soksi chafu inanuka. Ndoo ya chai ya mboji huweza kufanya yote mawili: leo inanukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza, kesho inanuka kama mayai viza. Kinacholeta tofauti ni hewa.

Ndani ya kijiko kimoja cha mboji mna vijidudu mamilioni kwa mamilioni. Tuvigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vijidudu vinavyohitaji oksijeni. Wataalamu huviita aerobiki. Hivi huvunja chakula chao mpaka mwisho, vikabakiza maji na hewa ukaa. Kwa kiasi kilekile cha sukari, hupata nguvu takriban mara 15 kuliko wenzao wasiotumia oksijeni. Ndiyo maana huzaliana haraka, na ndiyo maana huimaliza oksijeni ya ndoo haraka.

Kundi la pili huishi bila oksijeni. Hivi ni anaerobiki. Havimalizi kuvunja chakula, kwa hiyo hubakiza asidi, pombe, na gesi inayoitwa haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya mayai viza.

Kundi la tatu ni vigeugeu: hewa ikiwepo vinaishi, isipokuwepo vinaishi vilevile. Kumbukeni kundi hili. Humo ndimo walimo E. coli na Salmonella.

Wasiohitaji hewa si maadui wote

Maziwa lala yanaganda kwa kazi ya bakteria wasiohitaji hewa. Mitambo ya biogesi, kama ile ambayo CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiisambaza Tanzania tangu miaka ya 1980, hufunga samadi ya ng'ombe mahali pasipo hewa ili vijidudu vitoe methani ya kupikia. Tope linalobaki ni mbolea nzuri.

Kenya na Tanzania wakulima wengi hutundika gunia la samadi ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili au tatu. Maji hayo hunuka, lakini yana naitrojeni. Mkulima huyazimua kwa maji mengi na kuyamwaga shinani kwenye udongo. Hayanyunyizi kwenye majani ya mboga.

Kama muuguzi nawakumbusha pia kuhusu pepopunda. Bakteria wake wanaishi kwenye udongo na hawapendi hewa. Msumari ukizama mguuni, kidonda kinakuwa kirefu, hewa haifiki, nao wanapata makao. Vaeni viatu bustanini. Watu wazima, kumbukeni kurudia sindano kila baada ya miaka 10.

Joto, udongo na maji ya hapa kwetu

Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hushika oksijeni takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 35, hushika kama 7 tu. Joto hilohilo huvifanya vijidudu vile zaidi. Kwa hiyo ndoo iliyoachwa juani mwezi wa Julai huishiwa hewa mapema. Iwekeni kivulini.

Udongo wetu nao ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika, kama udongo wa mbuga kule nyumbani. Ukijaa maji, hewa haipiti na mizizi inakosa pumzi. Hapo chai haisaidii sana. Kinachosaidia ni mboji yenyewe, ichanganywe na udongo ili ufunguke.

Maji ya bomba ya Mesquite yametiwa kloramini ili kuua vijidudu. Ni jambo jema kwa vinywaji vyetu, ila si kwa chai hii. Klorini ya kawaida hutoka maji yakikaa wazi usiku kucha. Kloramini haitoki kirahisi hivyo. Pondeni kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500, mkoroge kwenye ndoo ya galoni 5. Kinatosha.

Mapovu hayaui E. coli

Wazazi, hapa naomba tusome polepole. Watu wengi huamini kwamba chai yenye mapovu ya hewa ni salama, na ile inayonuka ndiyo yenye hatari. Si kweli. Hewa huzuia ndoo isioze, lakini vigeugeu wetu hawaogopi hewa. Tena ukitia molasi au sukari ili vijidudu vizuri vishibe, na E. coli naye anashiba. Chai inaweza kunukia vizuri kabisa huku ikiwa na vijidudu vya kuumiza. Aina moja, O157:H7, huweza kuharibu figo za mtoto mdogo. Mtoto akiharisha damu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka 2004 kikosi kazi cha bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani kilipendekeza hivi: chai iliyotiwa vyakula kama molasi ipimwe kwanza, la sivyo ihesabiwe kama samadi mbichi. Samadi mbichi husubiriwa siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, au siku 90 kama haigusi. Sasa pigeni hesabu: mchicha huvunwa baada ya wiki chache tu. Siku 120 hazipo!

Tufanye hivi

1. Tumieni mboji iliyoiva kwa joto. Kipimo cha kilimo hai kwa lundo la kugeuza ni nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara 5. Samadi mbichi hapana.
2. Osheni ndoo na mipira ya pampu kwa sabuni kila mara.
3. Tieni vikombe 2 hadi 4 vya mboji kwenye mfuko wa kitambaa, ndani ya ndoo ya galoni 5. Msitie molasi wala sukari.
4. Pulizieni hewa kwa pampu ya tangi la samaki kwa saa 24, kisha mtumie siku hiyohiyo. Pampu ikizimwa, hewa huisha.
5. Mwageni shinani, si kwenye majani. Ikinuka, isikaribie mboga.
6. Oshani mikono, na mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka.

Msitegemee chai hii itibu magonjwa ya mimea. Majaribio ya watafiti yametoa majibu tofauti. Mwenye mboji kidogo na muda mchache aitandaze tu bustanini, hatakosa faida.

Jaribio la nyumbani

Chukueni mitungi miwili ya maji, kila mmoja mtie konzi ya nyasi mbichi. Mmoja upulizieni hewa, mwingine ufunikeni bila kukaza, maana gesi huweza kuupasua. Baada ya siku tatu, mkiwa na mzazi, pungeni harufu kwa mkono kuelekea puani. Andikeni sentensi mbili: moja yenye "inanukia" au "hainuki", nyingine yenye "inanuka". Zileteni darasani.

Maneno ya wiki

*Mboji*: mbolea ya majani na mabaki ya jikoni yaliyooza vizuri.
*Samadi*: mbolea ya kinyesi cha mifugo.
*Viza*: yai lililoharibika ndani.
*Kigeugeu*: anayebadilika kufuata hali.
*Shina*: sehemu ya mmea inayosimama juu ya mizizi.
*Kuzimua*: kuongeza maji ili kitu kisiwe kikali.

Kazi njema bustanini. Mchicha ukizidi, mjue mwalimu wenu naye anakula.