Thamani ya runinga huonekana inapozimwa

SAA moja ya usiku inapokaribia, kelele hupungua katika nyumba nyingi humu nchini. Watoto huambiwa wanyamaze, sufuria huepuliwa mapema, na wakubwa hutwaa viti vyao kusubiri taarifa ya habari ya Kiswahili. Ada hii imezoeleka mno hivi kwamba ni nadra mtu kujiuliza runinga humfanyia kazi gani hasa. Hujiuliza siku inapozimwa.

Wakenya wameonja hali hiyo zaidi ya mara moja. Mnamo Februari 2015, wakati wa kuhama kutoka mfumo wa analojia hadi ule wa dijitali, vituo vya NTV, KTN na Citizen vilitoweka hewani hadi mapema Machi kutokana na mvutano baina ya wamiliki na serikali. Kisha Januari 30, 2018, serikali ilizima matangazo ya vituo vivyo hivyo, siku ambayo kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alikula kiapo cha "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Mahakama Kuu iliagiza virejeshwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya agizo hilo kutekelezwa.

Redio nyingi hazikunyamaza, na magazeti yaliendelea kuchapishwa. Kilichokosekana ni kule kujionea. Msikilizaji husimuliwa na mwingine kuhusu ukubwa wa umati; mtazamaji huuona na kuamua mwenyewe, ingawa naye pia, tusisahau, ni mateka wa kule alikoelekeza kamera mpigapicha.

Matangazo ya runinga yalianza nchini mwaka 1962, na kwa miaka mingi kulikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichogeuka KBC mwaka 1989. KTN ilipoanza mwaka 1990, ndipo mtazamaji alipopata la kuchagua. Katika enzi hizo, runinga ilikuwa mali ya mtaa. Iliendeshwa kwa betri ya gari pale umeme haukufika, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na majirani wakajazana sebuleni, wengine dirishani, kuangua kicheko pamoja na Mzee Ojwang na Mama Kayai katika Vitimbi. Mwenye nyumba hakuthubutu kuwafukuza.

Ujio wa dijitali ulileta vituo tele na picha safi. Hata hivyo, mwenye runinga kuukuu alilazimika kununua king'amuzi, la sivyo abaki na sanduku bubu. Gharama ilimwangukia yeye.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya virusi vya corona. Taasisi ya Kukuza Mitaala Nchini (KICD) ilipeperusha masomo kupitia redio na runinga. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba ni takriban nyumba nne tu kati ya kila kumi zilizokuwa na runinga. Kwa mtoto wa nyumba isiyo nayo, hata dirisha la jirani halikumfaa tena, kwani watu walikuwa wamehimizwa wasikaribiane. Wanafunzi wa madarasa yote walirejea shuleni Januari 2021.